Turudishieni Kasisi Kombe, Hafai

Jaafar Chirau,
Kitanda cha dirishani, Wodi ya Wanaume,
Msambweni.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Uanachama na Upandishaji Vyeo,
Umoja wa Makasisi wa Kujitolea wa Faraja,
Ukunda.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: KUSHUSHWA CHEO KWA KASISI ELIJAH KOMBE, KWA MANUFAA YA WAGONJWA

Assalaam aleikum. Ikiwa salamu hiyo haina mwitikiaji ofisini kwenu, basi Bwana asifiwe, nayo nitaiitikia mimi mwenyewe huku kitandani ili usipate taabu. Natumai wewe u mzima, wajumbe wa kamati ni wazima, na zile nyota mnazowashonea watu mabegani bado zipo za kutosha.

Kwa jina ni Jaafar Chirau, mzaliwa wa Mwabungo, Mwislamu, baba wa binti mmoja aitwaye Esha na babu wa watoto wake wenye kelele. Kabla ya kuugua nilikaa miaka mingi nje ya ofisi za serikali kule Kwale, na meza yangu na mashine yangu ya kupigia chapa, nikiwaandikia watu barua za malalamiko. Nimelalamikia mipaka ya mashamba, mbuzi waliokula mihogo ya jirani, waume waliopotea na waume waliorudi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekulalamikia leo anaijua kazi yake.

Sasa nimelazwa katika hospitali moja ya hapa Msambweni ambayo sitaitaja jina, maana haina kosa lolote. Ugonjwa ni sukari, nayo imeingia mguu wangu wa kushoto ikakataa kuhama. Madaktari wameamua kwamba mguu huo utakatwa chini ya goti siku ya Alhamisi asubuhi. Hilo silo lalamiko langu. Nimelitaja ili ujue kwamba jambo hili haliwezi kungoja mkutano wenu wa mwisho wa mwezi.

Lalamiko langu ni Kasisi Elijah Kombe, fundi pikipiki wa Bongwe, aliyekuwa kasisi wa wodi yetu mpaka mlipompandisha cheo na kumfanya Kasisi Mwandamizi. Tangu hapo ameongezewa nyota, amepelekwa Diani kufungua hafla za watu kwa maombi, na kanuni zenu zimemkataza kuhudumu wodini, ati ili vipaji vyake vitumike kwa upana. Wodi yetu imebaki na upande mwembamba. Naomba kwa heshima zote ashushwe. Sababu zangu nimezipanga hapa chini.

1. Ushahidi mliompandishia cheo ni batili, na nausema hivyo nikiwa shahidi wenu mkuu.

Wajumbe wenu watatu walifika wodini wakiwa na suti, wakavuta viti, wakaanza kutuuliza habari za Kombe. Je, ni mtu wa sala? Je, hanywi pombe? Ana hasira za karibu? Anawaheshimu wazee? Ana kazi ya kueleweka? Kombe mwenyewe alisimama kando ya mlango ametazama sakafu, shati limepigwa pasi.

Mwenyekiti, sijui kwenu mtu akiulizwa maswali kama hayo hufikiria nini. Sisi huku, watu watatu wenye suti wakija kuuliza kama kijana fulani anasali na kama ana hasira, basi kuna binti mahali. Wakwe wamekuja kupeleleza. Kombe ana miaka arobaini na kitu na hana mke, na wodi nzima ilikuwa inalijua jambo hilo na kumhurumia. Tukatazamana. Tukasema kimoyomoyo, alhamdulillahi, leo mwenzetu kafunguliwa mlango.

Basi tukamsifu. Kusema kweli yote mbele ya wakwe ni utovu wa adabu, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Mimi nilianza, kwa kuwa ndimi niliyewazidi umri. Nilisema Kombe ni malaika aliyepewa spana. Nilisema sauti yake haijapata kupanda tangu azaliwe, ilhali nimemfahamu tangu nilazwe tu. Mjumbe mwenye miwani akauliza kama yuko tayari kwa jukumu kubwa zaidi. Nilijibu kwamba yuko tayari hata kesho, na kwamba nyumba anayo, ya vyumba viwili, mabati juu. Yule bwana akaandika, nami nikamkonyeza Kombe. Hakunikonyeza. Nilidhani ni haya za mwoaji.

Kuja kuambiwa baadaye kwamba tumempandisha cheo badala ya kumwoza kulituuma sana. Harusini tungeletewa angalau pilau.

Tena kanuni yenu ya sita yasema Kasisi Mwandamizi sharti awe na ndoa. Nasikia siku ya kumtangaza ilisomwa kwamba ndoa yake "iko njiani." Ndoa hiyo, Mwenyekiti, ilitoka kinywani mwangu. Naiondoa.

2. Muujiza mliomwandikia haukutokea.

Kitanda cha pili kutoka kwangu amelala Bwana Tembo, mfugaji kutoka upande wa Kinango, aliyeangushwa na fahali wake mwenyewe akavunjika nyonga. Wajumbe walipomfikia na kumuuliza Kombe amemsaidia nini, alijibu maneno haya: "Alipokuja nilikuwa sigeuki. Sasa nageuka." Wajumbe walisimama wote watatu. Mmoja alivua miwani.

Ukweli ni kwamba asubuhi hiyo daktari alikuwa ameyaondoa yale mazito yaliyoning'inizwa mguuni mwa Tembo kwa kamba. Mtu yeyote angegeuka. Tembo si mwongo, ila hapendi maneno mengi, na nilipomlaumu baadaye alisema hakuulizwa habari za kamba. Kwa hiyo muujiza huo naomba ufutwe, na nyota iliyokuja nao irudi dukani.

3. Kombe hajui kuhubiri, na hili ni kosa kubwa kwa mtu wa cheo chake.

Nimemfanyia uchunguzi. Anaingia, anatoa shikamoo kitanda kwa kitanda, hata kwa mama anayepiga deki, ambaye kanuni zenu hazimtaji popote. Anakaa. Akishakaa, haendelei na lolote. Siku moja kijana wa bodaboda aliyeletwa kutoka Ukunda aliambiwa kuwa mwenzake waliyepata ajali pamoja amefariki. Kijana alilia mpaka akatapika. Tulimtazama Kombe tukisema sasa atafungua kitabu. Alishika beseni. Alilishika mpaka kijana akanyamaza, akaenda kulimwaga, akaliosha, akarudi nalo. Hakusema aya hata moja. Kasisi wa aina hiyo mnamwekaje mbele ya watu wa Diani, waliovaa vizuri na kungojea maneno?

4. Anahamisha samani za hospitali.

Nilipolazwa, kitanda changu kilikuwa kimetazama choo. Nilikuwa nikisali nimelala, na kujipinda kuelekea kibla kulinitesa mgongo. Sikumwambia mtu. Mimi si mtu wa kuwasumbua wauguzi kwa jambo la mgongo. Kombe aliona. Alisimama dirishani, akalitazama jua, akaniuliza, "Mzee, kibla ni huku au nimekosea?" Nikamwambia amekosea kidogo, asogee mkono wa kulia. Akaomba ruhusa kwa muuguzi wetu, Sista Caroline, akafungua breki za magurudumu kwa vidole vyake vya ufundi, akakizungusha kitanda pamoja na mimi na maji yangu ya kunywa.

Nimekipekua kijitabu chenu cha kanuni kutoka jalada hadi jalada. Sikuona mahali ambapo kasisi wa Kikristo ameruhusiwa kumwelekeza Mwislamu kibla. Ikiwa mlimpandisha cheo mkijua, mmefanya kosa. Ikiwa hamkujua, sasa mmejua, na adhabu yake nadhani ni kurudishwa alipolifanyia kosa lake.

5. Ni mpotoshaji wa habari.

Kombe alikuwa akinisomea gazeti. Mwanzoni nilimsifia matamshi. Kisha nikagundua kwamba zile kurasa za matangazo ya vifo anaziruka, ananipeleka moja kwa moja kwenye mpira. Nilipomkabili alisema siku hiyo hakuna aliyekufa. Mwenyekiti, nchi nzima! Nimeishi miaka sabini na sijapata kusikia siku ya namna hiyo. Nilimwacha aendelee kwa sababu alikuwa ameanza habari za timu yangu, lakini uwongo ni uwongo, hata ukisemwa kwa upole.

6. Mliyemleta mahali pake ni kijana mwema, na hapo ndipo penye tatizo.

Kasisi Lewis ametoka bara, ana umri wa mjukuu wangu wa kwanza, na moyo wake ni safi. Simsemi kwa ubaya. Lakini huja na spika yenye magurudumu, akaiweka katikati ya wodi, na Tembo ambaye sasa anageuka hugeukia ukutani. Ananiita "Buda," ambayo kwa vijana wa leo ndiyo shikamoo ya mzee. Juzi alinipiga bega akasema, "Usiwe na stress, Mzee, hiyo mguu ni kitu ndogo tu, utakuwa sawa." Nilimwambia mguu ni wangu na ukubwa wake naujua. Aliomba radhi kwa dhati, akaniwekea wimbo.

Lewis naye anataka nyota. Hakulificha. Akimaliza kutuombea hutuuliza kama tumefarijika, na kama wakaguzi wakija tutakumbuka kusema hivyo. Nilipomuuliza wakaguzi wanapima nini hasa, alisema kila kitu kimo katika kijitabu. Kesho yake alipokuwa akigawa vikaratasi vya injili, mimi nikaangukiwa na kijitabu chenyewe cha kanuni, kwa bahati mbaya yenu. Kimenifaa zaidi.

Napenda kukutaarifu kwamba wodi imekwisha kaa kikao. Tumekubaliana kwa kauli moja kumsifu Lewis. Wakaguzi wakija tutasema yeye ni nguzo, ni taa, ni mvua ya masika. Tembo ameahidi kusema kwamba alikuwa hatembei. Tumeona jinsi sifa zetu zinavyofanya kazi: tukimsifu mtu kwa dhati, hatumwoni tena.

7. Sababu hii ya mwisho ni fupi, na ningeipendelea isiwemo.

Alhamisi nitatolewa wodini nikiwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, nitapitishwa ukumbi mrefu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Jamaa za mgonjwa huishia getini, na utaratibu huo ni mzuri, kwa sababu Esha wangu akiona damu ya kuku huanguka. Anayeruhusiwa kumsindikiza mgonjwa mpaka mlango ule, mbali na wahudumu wenyewe, ni kasisi mwenye kitambulisho cha wodi. Kombe alikuwa amenipa ahadi. Sikumwomba aniombee. Nilimwomba atembee upande wa kushoto, upande wa mguu huo, asiseme kitu, na asije akaniambia ni kitu kidogo. Alikubali. Wiki hiyohiyo mkamchukulia kitambulisho mkampa nyota.

Naogopa, Mwenyekiti. Nimewaandikia watu wengi kwamba wanaogopa, na kila mara nilitafuta neno zuri zaidi, kama vile "mwenye ombi amejawa na wasiwasi." Leo sikulipata. Naogopa ule ukumbi kuliko kisu chenyewe.

Basi, kwa sababu hizo, naomba Kamati yako itoe amri ifuatayo: Elijah Kombe ashushwe hadi Kasisi wa Wodi mara moja, kwa kosa la kutohubiri, kuhamisha kitanda, kudanganya kuhusu vifo na kukosa mke.

Najua utakachonijibu. Utanielekeza kwenye kanuni ya nne, isemayo kwamba malalamiko dhidi ya kasisi yatapokelewa kutoka kwa mwanachama pekee. Nimeliona hilo, na sikuja mikono mitupu. Kwa barua hii naomba uanachama.

Sifa zenu nimezipitia moja baada ya nyingine. Mwombaji awe mtu wa sala: nasali mara tano, nadhani ninyi mtaridhika hata na chache zaidi. Asiwe mlevi: sijaionja. Awe na mke mmoja tu: marehemu Zainabu alikuwa mmoja, naye alitosha kwa wanne. Apendekezwe na kiongozi wa dini anayemfahamu: Ustadh Alamin wa msikiti wa kwetu yuko tayari. Nilimtumia salamu kwa Esha, naye aliuliza mara mbili kama Esha amesikia vizuri, kisha akacheka, kisha akasema kwamba akiandikiwa atatia sahihi, maana tabia yangu anaijua na dini haijaulizwa mahali popote kwenye karatasi. Nimehakikisha. Waliotunga kanuni zenu hawakuandika kwamba mwanachama sharti awe Mkristo. Nadhani waliona ni jambo linalojulikana. Nimeishi kwa kazi ya kutafuta mambo ambayo watu waliyaona yanajulikana wakaacha kuyaandika.

Kuhusu lile sharti la kuwa umewahi kuwahudumia wagonjwa bila malipo, nimelitimiza bila kukusudia. Tangu Kombe aondoke, wenzangu wodini huniletea mimi mambo yao. Yule kijana wa bodaboda amenieleza habari za mwenzake tangu walipokutana shule ya msingi, nami nimesikiliza mpaka mwisho. Tembo amenikabidhi ugomvi wake na kaka yake kuhusu ng'ombe, nami nimemtungia maneno ya kupeleka nyumbani ambayo hayamkubalii kaka wala kumtukana. Sijapata hata nyota moja. Ninapokosa la kusema hufanya alivyofanya yule fundi wenu asiyejua kuhubiri, nanyamaza, na nastaajabu jinsi watu wanavyoshukuru kwa kitu ambacho hukuwapa.

Kwa hiyo sioni kwa nini niishie kuwa mwanachama mtarajiwa. Kwa umri wangu na kwa kazi hiyo, naomba nianzie cheo cha Kasisi Mkuu wa Kanda, ambacho kanuni yenu ya tisa inasema kinaweza kutolewa "kwa hali ya pekee." Mtu anayekatwa mguu Alhamisi ana hali ya pekee. Nikishapewa cheo hicho sitawasumbua tena, maana Kasisi Mkuu wa Kanda ana uwezo wa kumpangia Kasisi Mwandamizi kituo cha kazi kwa amri yake mwenyewe, na amri hiyo nimekwisha itunga, imebaki kutiwa sahihi.

Lakini ikiwa Kamati itaona haya kumpa Mwislamu wa kitandani cheo kikubwa hivyo, basi kuna njia nyingine, na sasa naona ndiyo iliyokuwa bora tangu mwanzo. Msimshushe Kombe. Mpandisheni. Mpandisheni Jumatatu awe Kasisi Mkuu wa Kanda, Jumanne awe Mshauri wa Makasisi, na Jumatano mstaafisheni kwa heshima, kwa hotuba na keki. Kanuni yenu ya mwisho kabisa inasema kwamba Kasisi Mstaafu ana uhuru wa kuhudumu popote moyo utakapomtuma, na kitambulisho chake hakina mipaka. Alhamisi asubuhi atakuwa mtu huru. Wodi iko tayari kumsifu kwa kila ngazi. Tembo ameniuliza safari hii agundue kuwa anaona au anasikia, nami nimemwambia angoje nisikie kutoka kwako.

Zile sababu saba za juu, kama zitakuwa zimesimama njiani mwa njia hii ya pili, zihesabu kuwa ni sifa. Hazihitaji kubadilishwa hata neno.

Nakuomba radhi kwa urefu wa barua. Zamani nilikuwa nikiwatoza watu kwa ukurasa, na mazoea hayo yamebaki. Nisalimie wajumbe wote, hasa yule mwenye miwani, na umwambie kwamba hatuna kinyongo ila kwa ile harusi. Nisalimie wa nyumbani kwako. Sista Caroline anasalimu, Tembo anasalimu kwa kuinua mkono, Esha anasalimu na anauliza kama ofisini kwenu mnakula viazi vya karai, ataleta. Nakutakia afya na maamuzi ya haraka.

Wako katika subira inayokaribia ukingoni,

Jaafar Chirau
(Mwombaji wa uanachama, na labda mkubwa wako)

Baada ya sahihi:

Nimeambiwa na aliye karibu nami kwamba si uungwana kuficha mkono ulioshika kalamu. Macho yangu hayaoni maandishi tangu sukari ilipoyafikia. Barua hii nimeitamka tu, na hata kile kijitabu chenu nilisomewa. Anayeniandikia ni Elijah Kombe.

Huja kila siku saa ya kutazama wagonjwa, na shati lake la gereji, kama jamaa yeyote. Kanuni zenu hazikukataza hilo, na tafadhali msianze kulikataza sasa kwa sababu ya ulimi wangu. Kwa hiyo pale nilipodai kwamba tumekosa kumwona, hatukukosa. Tulichokosa ni kile kitambulisho.

Yeye hakutaka kuandika namba ya tatu, akasema anajua kuhubiri, ila hajapata nafasi. Nikamwambia aandike kama ninavyotamka au nimwite Lewis. Aliandika. Namba ya tano alicheka. Namba ya saba kalamu ilisimama muda mrefu, nikamuuliza kama wino umekwisha, akasema ndio, umekwisha. Kisha akaendelea na kalamu ileile. Mengine yote humu mwaweza kuyatupa, Mwenyekiti. Nibakishieni Alhamisi.

J.C.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa ni mimi Kombe, naongeza kwa niaba yangu. Mzee anadhani nafunga bahasha. Kanuni ya kumi na moja, ambayo sikumsomea, inasema kasisi akirudisha nyota kwa hiari yake, anarudi katika cheo chake cha awali siku hiyohiyo na kamati hailazimiki kukutana. Nyota imo humu ndani, imefungwa kwa kitambaa ili isitoboe karatasi. Nitapita ofisini Jumatano kuchukua kitambulisho changu cha wodi. Nawaomba wakaguzi wasije kuniulizia tena.